Uwazi katika Baraza la Kadhi

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, walijadili kwa kina hata mahali anapofaa kuketi kadhi anaposikiliza mashauri. Wahanafi waliupendelea msikiti wa Ijumaa kwa kuwa unajulikana na kila mtu, hata mgeni, ilhali Mashafii waliuona haufai, kwani mwanamke aliye katika hedhi, ambaye huenda naye ana madai, hawezi kukaa humo. Hivyo pande zote mbili, ingawa zilihitilafiana, zilichelea jambo lilelile la mtu kukosa njia ya kumfikia kadhi.

Majalla, sheria ya Dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876 na jopo lililoongozwa na Ahmed Cevdet Pasha, iliagiza shauri lisikilizwe hadharani, lakini kadhi asidokeze hukumu kabla ya kuitoa. Iliingia hata katika mambo madogo ambayo kwa hakika ndiyo huzaa dhana mbaya: kadhi asimkaribishe mmoja wa wadaawa nyumbani kwake, asikae naye faragha, asimwashirie kwa mkono, jicho au kichwa, asinong'one naye, wala asiseme naye kwa lugha asiyoielewa mwenzake.

Inasimuliwa kwamba Sulaym ibn Itr, kadhi wa Misri katika karne ya 7, aliamua mgogoro wa mirathi, kisha warithi wakakanushana na kumrudia, naye akaamuru hukumu iandikwe na kushuhudiwa. Katika mahakama za Uthmaniya, chini ya kila shauri lililoingizwa katika sijili, yaani daftari la kadhi, yaliandikwa majina ya shuhud al-hal, ambao hawakuwa mashahidi wa tukio lenyewe bali wa kikao, na ambao aghalabu walikuwa watu wa mji huohuo. Hii ndiyo kinga iliyo imara kupita zote, kwa kuwa kadhi aliamua mbele ya watu waliowajua wadaawa na walioweza baadaye kueleza yaliyopita.

Hata hivyo, uadilifu wa mashahidi wa shauri lenyewe ulichunguzwa kwanza kwa siri, kwa kuwauliza majirani zao, na wanazuoni wa Kihanafi wa baadaye waliona uchunguzi huo wa siri unatosha bila ule wa hadharani, kwani jirani anayetakiwa kumtia mwenzake dosari hadharani ama hunyamaza kwa hofu, ama husema na kuzua uadui.