Boli Haiko, Lakini Inadunda

Manze, vaa Quest 3, ile hedseti ya Meta ilitoka 2023, ukiwa ndani ya keja. Inacheki kila kona: ukuta, simiti, kitanda. Halafu programu inadondosha boli. Inadunda, inagonga ukuta, inakurudia. Sasa sogeza kitanda bila kuishow. Boli itazidi kugonga hewa palepale kitanda kilikuwa, ju mashine bado inashikilia ramani ya kitambo.

Wasee wengi hudai hivi vitu ni mawazo tu, ati ni ndoto yenye imewekwa betri. Zii. Kwa kitabu yake ya 1940, Jean-Paul Sartre alitumia mfano wa mwanafalsafa mwenzake, Alain. Chora Panthéon ya Paris kwa akili. Fiti. Sasa hesabu nguzo. Huwezi, ama utabambanya namba, ju picha ya akili haikuonyeshi kitu hujaiweka wewe mwenyewe. Lakini hii boli unaeza izunguka, uiinamie, upate alama kwa nyuma yenye hukujua iko. Inakushtua. Mwanafalsafa David Chalmers, kwa kitabu yake Reality+ ya 2022, anasema vitu kama hizi ni za ukweli, zimeundwa na data. Namkubali nusu. Boli iko, lakini uzito wake ni mimi nauweka.

Mwanafalsafa mwingine, Kendall Walton, ndiye ananibamba zaidi. Kwa kitabu yake ya 1990, anapeana mfano: watoi wamekubaliana kila kisiki msituni ni dubu. Kisiki kikijificha kichakani na hakuna mtoi amekiona, bado ni dubu. Mtaani tuliishi hiyo story kwa kalongo. Matope ni ugali, kifuniko ya soda ni sufuria, na ukikanyaga hiyo ugali mtu analia machozi za ukweli. Lakini sheria tulitunga sisi. Mtoi mgeni akikuja anashowiwa, anaingia. Akisema leo matope ni chapo, tunapika chapo.

Hedseti hainipi hiyo nafasi. Msee mwenye aliandika programu ashaamua gani ni boli, inadunda aje, na nani ataiona. Beshte yangu akikaa kando bila hedseti ananicheki tu nikidaka hewa. Na Vision Pro, hedseti ya Apple, ilitoka Marekani 2024 na dola 3,499, doo ya kulipa rent miaka kadhaa. Mimi nadai watoi wa mitaa za Nairobi kama Dandora na Kayole ndio waandike hizo sheria, wachore vitu zao kwa ukuta ya ploti, na jirani akitaka kuzibadilisha, abadilishe.