Fahamu: Nani huamua alama ya kufaulu mtihani wa CFA?

Julai 2021, ni asilimia 22 tu ya watahiniwa wa hatua ya kwanza ya CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, waliofaulu. Je, alama ya kufaulu hupangwa vipi?

Kazi huanza mapema. CFA Institute ya Marekani huwauliza wataalamu walio kazini na waajiri mchambuzi anapaswa kujua nini leo, na mtaala hurekebishwa kufuatana na majibu yao. Maswali hutungwa na wenye cheti hicho, kisha wenzao huyakagua: jibu sahihi ni moja tu? Lugha yake inaeleweka? Kwangu, hilo la pili ndilo zito zaidi, maana mtihani ni wa Kiingereza pekee, hata kwa mtahiniwa wa Nairobi au Dar es Salaam. Anayepimwa ujuzi wa hatifungani asianguke kwa sababu ya sentensi iliyopindwa.

Alama ya kufaulu haitokani na kuwapanga watahiniwa wa kwanza hadi wa mwisho. Jopo la wenye cheti hupitia swali moja moja na kujiuliza: kati ya watahiniwa 100 wanaofikia kiwango kwa taabu, wangapi wangelipata? Makadirio hayo hujumlishwa. Ndiyo njia ya Angoff, inayotumika pia katika mitihani ya udaktari. Uamuzi wa mwisho ni wa bodi ya magavana.

Na kwa kuwa watahiniwa hupewa seti tofauti za maswali, tofauti ya ugumu husawazishwa kitakwimu, ili aliyepata seti ngumu asiumie.