Je, Wajua? Bunduki Nayo Hukata Tiketi

Hapa Lindi, mtaani Kibra jijini Nairobi, mngurumo wa ndege ndogo za Uwanja wa Wilson hukatiza mazungumzo kila mara. Je, wajua bunduki na ndege zimejuana zamani katika anga hii? Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Muda si mrefu mwindaji Denys Finch Hatton alikuwa akipaa kuwatafuta tembo kutoka juu, na Mei 1931 ndege yake ikaanguka Voi, akafa. Nayo Kibra yetu, jina la Kinubi lenye maana ya msitu, ilikuwa makao ya askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza.

Wajua uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977? Tanzania bado unaruhusiwa kwa kibali. Lakini cheti cha silaha cha nchi moja hakimfungulii mtu mpaka wa nchi nyingine. Kenya, mwenye kauli ni Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sura ya 114 ya sheria. Ulizia vibali vya kila nchi utakayopitia kabla ya kulipa nauli.

Wajua risasi za abiria mmoja hazipaswi kupita kilo 5 pamoja na vifungashio vyake? Ndiyo kanuni ya kimataifa, tena shirika la ndege likubali kwanza, na ziende na mizigo ya chini. Mume na mke hawaruhusiwi kuziunganisha katika pakiti moja.

Wajua Marekani mwaka 2023 wakaguzi walinasa silaha 6,737 kwenye mikoba ya abiria, na kati ya kila 100, takriban 93 zilikuwa na risasi ndani? Wengi husema walisahau. Mimi sikubali udhuru huo. Mwenye silaha ana wajibu wa kujua iko wapi kila saa. Sheria ya huko inataka bunduki itolewe risasi, itangazwe kaunta, ifungwe kwa kufuli ndani ya sanduku gumu, na ufunguo ubaki na mwenyewe.

Je, sanduku la bati, lile la kwenda nalo bweni, litafaa? Mafundi wetu wa jua kali wanalitengeneza vizuri, ila lina pahali pamoja tu pa kufuli, katikati. Lifunge, kisha inua kona ya kifuniko. Vidole vikipenya, mwizi naye atapenya, na mkaguzi ana haki ya kulikataa. Tafuta lenye matundu ya kufuli karibu na kila kona, na bawaba ambazo pini zake hazichomoki kwa nje.

Sasa hili ndilo linalonipendeza kuliko yote. Wajua hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano? Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Chukua sanduku lenye mpira wa kuzuia maji, lisilopitisha hewa hata chembe, lenye kifuniko cha urefu wa sentimita 100 na upana wa 30. Lifunge Nairobi, shuka nalo Mombasa. Hewa ya pwani italikandamiza kifuniko hicho kwa uzito wa zaidi ya kilo 500! Utavuta mpaka jasho likutoke. Ndiyo sababu masanduku bora, kama yale ya Pelican, yana vali ndogo ya kusawazisha hewa. Wapiga picha na wanaosafirisha vipimo vya hospitali wanaijua vali hiyo vizuri sana.

Na sponji ya ndani ya sanduku je? Ikatwe kwa umbo la bunduki, ili bunduki isichezecheze, maana kishindo kimoja cha wapakuzi kinaweza kuipotosha darubini yake. Ila sponji hiyohiyo hunywa unyevu, na unyevu huleta kutu. Ukifika pwani kwenye hewa ya chumvi, itoe bunduki siku hiyohiyo, ipanguse kwa mafuta, na sponji uianike juani hadi ikauke kabisa.