Mapenzi ya Faeri Mjini

Riwaya za mapenzi ya faeri mjini huwatoa viumbe wa ngano za Uskoti na Ayalandi vilimani na kuwaleta kwenye barabara za lami. Faeri hawa si vibinti vyenye mabawa vya vitabu vya watoto. Ni wazuri, wakatili, hawazeeki, na hutawaliwa na wafalme na malkia wanaohasimiana. Msomaji aliyekua akisikia visa vya majini wa pwani hapati tabu kuwaelewa: anayependwa na kiumbe asiye binadamu hupewa masharti.

Kitabu kilichofungua njia ni War for the Oaks cha Emma Bull, cha mwaka 1987. Mwanamuziki wa roki wa Minneapolis, Marekani, anaburutwa kwenye vita vya faeri, ambao bila binadamu uwanjani hawawezi kuuana. Mlinzi wake ni kiumbe anayegeuka mbwa, mcheshi na msumbufu, na kusema kweli ndiye anayekibeba kitabu chote.

Tithe cha Holly Black, cha mwaka 2002, kina giza zaidi. Kaye, msichana wa miaka 16 huko New Jersey, anamkuta shujaa Roiben amejeruhiwa kwa mshale wenye chuma, madini yanayowadhuru faeri. Anamwokoa, na kwa fadhila hiyo anapata nafasi ya kumuuliza maswali. Baadaye analijua jina lake kamili, na anayelijua jina la faeri anaweza kumwamuru lolote. Mapenzi yao yanaanza hapo, mmoja akiwa na hatamu za mwenzake bila kukusudia. Isitoshe, faeri hawezi kusema uongo, ingawa hupindisha ukweli kwa ustadi; basi kila neno la mahaba lapaswa kusomwa kama mkataba. Hata kafara ya kila miaka saba inayomkabili Kaye ina asili ya kale: imo katika Tam Lin, utenzi wa Kiskoti kuhusu mwanamke anayemng'ang'ania mpenzi wake huku faeri wakimgeuza maumbo ya kutisha.

Mji wenyewe, uliojaa chuma, ungetarajiwa kuwafukuza. Melissa Marr alilitumia hilo vizuri katika Wicked Lovely, mwaka 2007: Aislinn, anayewaona faeri ambao wengine hawawaoni, hupata usalama kwa rafiki yake Seth, anayeishi ndani ya mabehewa ya treni. Wakati huohuo Keenan, mfalme wa faeri wa kiangazi, anamtaka awe malkia wake, na mabehewa hayo hayamwepushi Aislinn na kazi ya kumjibu.