Sura Hutangulia Hoja

Waliosoma Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere hawahitaji kuelezwa istiara ni nini. Nguruwe anasimama kwa miguu miwili, na mwanafunzi yeyote anajua kwamba habari si ya nguruwe. Raha ya msomaji iko katika umbali uliopo kati ya mnyama na mtawala. Hadithi za kisayansi zinazohusu maroboti wenye umbo la binadamu hazimpi msomaji umbali huo. Anayesimama badala ya mtumwa, kibarua au mke aliyenyamazishwa ana macho, ngozi na sauti ya mtu. Jukwaani na kwenye filamu, anayemwigiza ni mtu kweli. Fumbo linakuja likiwa limevaa sura ya jibu lake.

Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alilijua hilo tangu mwanzo. Tamthilia yake R.U.R. ilichapishwa mwaka 1920, ikaigizwa Prague mwaka uliofuata, nayo ndiyo iliyowapa walimwengu neno roboti. Maroboti wake si wa chuma, wamefinyangwa kwa kitu mfano wa nyama katika kiwanda kilichoko kisiwani. Helena, msichana mwenye nia ya kuwakomboa, anapokewa na katibu muhtasi aitwaye Sulla na anakataa katakata kuamini kwamba huyo si mwanamke. Muda si mrefu anakutana na wakuu wa kiwanda, anadhani nao ni maroboti, na kuanza kuwahutubia juu ya haki zao. Ukumbi unacheka. Lakini kichekesho hicho kimekwisha kuliweka sharti ambalo utanzu mzima umelifuata hadi leo, kwamba macho yasiweze kutofautisha.

Kuna jambo jingine katika tamthilia hiyo ambalo wahakiki hulipita haraka mno. Daktari Gall, mmoja wa wakuu hao wa kiwanda, anaeleza kwamba wanajaribu kuwapa maroboti maumivu, na sababu yake ni ya kiuchumi. Roboti asiyeumia hutia mkono kwenye mashine, akavunjika vidole, wala asijali, na hasara ni ya kampuni. Kwa hiyo mfanyakazi apewe maumivu ili atunze mali ya mwenye kiwanda, na mali hiyo ni mwili wake mwenyewe. Sijakutana na maelezo makali kuliko hayo kuhusu ajira ya viwandani, yawe ya mwanauchumi au ya mwanasiasa. Čapek aliandika miaka 3 tu baada ya Mapinduzi ya Urusi, na maroboti wake wanapoasi wanasambaza vipeperushi vya kuwaita maroboti wa dunia nzima, kwa lugha iliyofanana na ya vyama vya wafanyakazi. Mtu wa mwisho wanayemwacha hai ni Alquist. Wanamwacha kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake, kama wao.

Nchini Marekani istiara hii ilihama kutoka kiwandani na kuingia shamba la pamba, na kwa kweli ilikuwa huko hata kabla ya Čapek. Mwaka 1868, miaka 3 baada ya utumwa kupigwa marufuku katika katiba ya nchi hiyo, Edward S. Ellis alitoa hadithi ya mtu wa mvuke anayevuta gari mbugani, uso wake wa chuma ukiwa umepakwa rangi nyeusi. Mwaka 1930 kampuni ya Westinghouse ilionyesha roboti wa maonyesho mwenye ngozi ya mpira mweusi aliyeitwa Rastus, jina la kebehi walilopachikwa watu weusi katika vichekesho vya huko. Huu haukuwa ufumbaji. Watu walikuwa wanasema waziwazi wanamtaka nani arudi kazini.

Isaac Asimov alikuwa na nia njema zaidi. Sheria zake tatu, alizozitaja zote kwa pamoja mara ya kwanza katika hadithi ya mwaka 1942, husifiwa kama msingi wa maadili ya mashine: roboti asimdhuru binadamu, atii amri, kisha ndipo ajilinde. Zisome tena kama masharti ya mtumishi wa nyumbani, uone zinavyosikika. Katika The Caves of Steel ya mwaka 1954, watu wa Dunia wanawaita maroboti kwa neno lile lile ambalo walowezi wa Nairobi walimwitia mpishi mwenye mvi. Boi.

Philip K. Dick ndiye aliyejaribu kuipindua istiara. Alipokuwa akitafiti habari za Wanazi alisoma shajara ya afisa mmoja aliyelalamika kwamba vilio vya watoto wenye njaa vinamkatizia usingizi. Akajiuliza ni kiumbe gani huyo mwenye umbo la mtu asiye na chembe ya huruma. Riwaya yake ya mwaka 1968, Do Androids Dream of Electric Sheep?, ikazaliwa hapo. Kipimo kinachotumika humo kuwatambua androidi, yaani maroboti wenye umbo la binadamu, kinapima huruma, na androidi wake ni ndugu wa yule afisa. Lakini kitabu hicho hicho kina tangazo la televisheni linalowaahidi wahamiaji wa Mirihi mtumishi wa bure, kama zama za majimbo ya Kusini kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Androidi ni katili na pia ni mtumwa. Dick hakuzipatanisha picha hizo mbili, na nadhani alifanya vizuri.

Filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, iliyotokana na riwaya hiyo, haikuweza kubaki njia panda. Ukishamweka mwigizaji Rutger Hauer mbele ya kamera kama androidi, mvua ikimtiririka usoni, akiwa amepewa miaka 4 tu ya kuishi, watazamaji wameshaamua. Hakuna kipimo kitakachowarudisha nyuma.

Udhaifu wa istiara hii uko hapo hapo penye nguvu yake. Mtumwa wa historia alikuwa mtu kabla ya kupimwa na yeyote, na bwana wake alilijua hilo. Roboti ametoka kiwandani kweli, ana nguvu kuliko sisi, pengine ataua. Shaka ya bwana inakuwa ya haki, udhuru ambao wenye watumwa hawakuwa nao kamwe, na uhuru unageuka zawadi ya kufaulu mtihani. Tena tazama sura inayopewa nafasi ya kuhurumiwa: maroboti wote watano tunaokutana nao katika Blade Runner ni weupe. Katika kipindi cha Star Trek cha mwaka 1989 kiitwacho The Measure of a Man, androidi aitwaye Data anashtakiwa kuwa ni mali tu, na wa kumkumbusha nahodha habari za utumwa ni mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg, aliyeketi pembeni ya kesi. Ilibidi mwanamuziki Janelle Monáe aje, kuanzia mwaka 2007, ajifanye mwenyewe androidi Cindi Mayweather, ndipo mwili mweusi ukae katikati ya hadithi iliyokuwa yake.

Martha Wells alikwenda mbali zaidi mwaka 2017 katika All Systems Red. Murderbot wake, mlinzi aliyedukua kifaa cha kumlazimisha kutii, hataki kuwa mtu. Hataki hata kutazamwa, anapenda kofia yake ifunike uso ili atazame tamthilia za mfululizo kwa amani. Daktari Mensah, mwanamke mwema, anamnunua ili awe huru chini ya mlezi. Yeye anatoroka bila kuagana naye ana kwa ana. Mwaka 2025 kitabu hicho kikawa mfululizo wa televisheni, na Murderbot akapewa uso wa Alexander Skarsgård, kofia ikivuliwa kila mara. Wangefanyaje? Hakuna atakayekaa vipindi 10 akihurumia kofia.