Bugaluu zetu, suruali zao

Kama ulikuwa kijana Njombe au Makambako miaka ya 1970, unazikumbuka bugaluu: suruali zilizobana mapajani na kufagia vumbi chini. Unavikumbuka na viatu vya raizoni, vilivyomfanya mfupi aonekane mrefu. Wazee walitikisa vichwa. Hata kabla ya hapo, Umoja wa Vijana wa TANU ulikwishatangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, ilipiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia.

Vijana wale ndio babu na bibi wa leo. Wengi ni wazee wa kanisa na wanakwaya. Bugaluu hazikumzuia Mungu kuwaita.

Leo mjukuu akija ibadani na suruali iliyochanika magotini, tunamfukuza kwa macho tangu mlangoni. Wengine hawarudi tena. Samweli naye alivutiwa na umbo la Eliabu, lakini Bwana akamwonya kwamba Yeye hutazama moyo (1 Samweli 16:7).

Adabu ya mavazi ni njema, na tuifundishe. Ila anayefundishika ni yule aliyeketi ndani, si aliyekwisha kuondoka. Jumapili hii, kabla hujaitaja suruali ya kijana, mwulize jina lake na habari za nyumbani. Huenda hana nyingine. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, sweta lako la pili litamhubiria kuliko maneno (Luka 3:11).