Mkono Unaotetemeka: Damu ya Ukoo au Dawa ya Shambani?

Bukundi, wilayani Meatu, ni nchi ya pamba kama ilivyo sehemu kubwa ya Mkoa wa Simiyu, na penye pamba pana dawa. Funza wa vitumba wakiingia, mkulima hubeba bomba mgongoni. Likivuja, dawa inamtiririka mpaka kiunoni. Upepo ukigeuka, inamrudia usoni. Akimaliza ananawa maji matupu, anakula. Kesho yake anaamka mzima, hivyo hana sababu ya kujiuliza mwili wake utakuwaje miaka 20 baadaye.

Watafiti wa Parkinson ndio wanaojiuliza. Katika ugonjwa huu, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayorahisisha mwendo wa mwili, hufa polepole. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, misuli hukakamaa, sauti hufifia. Hadi dalili zionekane, sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea.

Tunao hapa nyumbani. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, kwenye wakazi zaidi ya 161,000, wakapata wagonjwa 33. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Katika Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kutolijua jina la ugonjwa unaobadilisha uso na mwendo wa mtu ni jambo la kutisha.

Kwamba sumu inaweza kuua seli hizo, tulijua tangu mwaka 1982, vijana wa California walipojidunga heroini bandia yenye kemikali ya MPTP wakakakamaa kama wazee. Mwaka 2000, panya waliopewa rotenoni walipata dalili zinazofanana na Parkinson. Rotenoni imo katika utupa, mmea ambao wazee wetu waliutumia kulevya samaki mtoni, kwa hiyo tusidhani kila dawa ya asili ni salama. Kisha mwaka 2011, uchunguzi wa wapuliza dawa na wake zao huko Iowa na North Carolina, Marekani, ulionyesha kuwa waliotumia rotenoni au parakwati, dawa ya kuua magugu, walikuwa na uwezekano wa kuugua Parkinson mara 2.5 ya wenzao.

Lakini mbona wengi walipuliza na hawakuugua? Jibu lililonishtua zaidi lilitoka mwaka 2012, kwa watu wa uchunguzi huohuo. Wanaume wenye jeni ya GSTT1, inayosaidia mwili kuondoa sumu, hatari yao kwa parakwati iliongezeka kidogo tu. Waliozaliwa bila jeni hiyo, iliongezeka mara 11 hivi. Dawa ni ileile, tofauti ni mwili unaoipokea, na hakuna mkulima anayejua yeye ni yupi kati ya hao.

Sisi Waafrika tulichelewa kuchunguzwa. Mwaka 2023 tu ndipo, kwa sampuli nyingi kutoka Nigeria, ilipogunduliwa tofauti katika jeni ya GBA1 inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee: mwenye nakala moja hatari yake ni mara 1.5, mwenye mbili mara 3.5 hivi. Tanzania imo katika utafiti wa Parkinson barani Afrika unaotazama jeni pamoja na mazingira. Naomba wapuliza dawa wa ukanda wa pamba wahesabiwe humo, maana majibu ya Iowa hayatoshi kwa Meatu.

Wakati tunasubiri, glavu zina kazi. Katika uchunguzi uleule wa Marekani, waliovaa glavu hawakuonyesha uhusiano kati ya parakwati na Parkinson. Meatu pia ina wakulima wa pamba ya kilimo hai, ambao hawapulizi kemikali za viwandani kabisa.

Na mzee aliyeanza kutetemeka apelekwe hospitali. Levodopa hairudishi seli zilizokufa, ila hupunguza dalili. Akifika, amtajie daktari na dawa za shamba alizopuliza tangu ujana wake.